Ada ya Jina

4 Februari
Chumbani kwangu, juu ya duka la viatu

Mpwa wangu,

Leo ni tarehe nne Februari. Asubuhi nikinyoa ndevu nimehesabu: miaka thelathini na moja na siku kumi na tisa tangu nilipoondoka hapo. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Ukijumlisha utaona kwamba mwakani nchi hii itakuwa imekula nusu yangu.

Mimi ni mzima. Kifua kimetulia tangu kiwanda kilipobadilisha gundi. Bado najalidi vitabu, ingawa siku hizi vinavyoletwa ni hesabu za makampuni na tasnifu za wanafunzi, ambazo husomwa na mtu mmoja tu, naye ni mimi. Vipi miguu ya mama yako? Mwambie zile soksi za kubana azivae kabla hajashuka kitandani, si baada. Na dada yako, amempata wa kumwoa, au bado anawageuzageuza wachumba kama vitunguu sokoni?

Sasa jambo lenyewe. Mama yako aliniambia kwenye simu kwamba umepata wakala wa viza. Sikumjibu, kwa sababu kwenye simu mimi ni mwepesi wa kusema ndiyo. Kwenye karatasi nachukua muda.

Unasema inaitwa viza huru. Neno hilo nalijua vizuri. Serikali ya huku haina viza ya jina hilo. Iko viza ya mfanyakazi wa kujitegemea, nayo inataka uwe na mdhamini mwenye leseni ya biashara. Mdhamini huyo hakupi kazi. Anakuazima jina lake liandikwe kwenye karatasi zako, kisha anakuacha utafute kazi popote unapoweza. Huo ndio uhuru wenyewe. Kwa jina hilo unamlipa kila mwaka, na malipo hayo yanaitwa ada ya jina. Pasipoti anakaa nayo yeye.

Wakala atakuwa amekuandikia ada ya ubalozi, vipimo vya damu na kifua, cheti cha polisi, tafsiri ya vyeti, bima na nauli. Hizo zote ni za kweli na zina risiti. Ada ya jina haina risiti. Inakusanywa mlangoni.

Mwaka wangu wa tatu nilikaa nyumba moja na fundi rangi, mtu mcheshi, aliyekuwa anaimba huku akipiga mswaki. Alichelewesha ada yake wiki tano. Walikuja saa nne asubuhi, Jumapili, mimi nikiwa napiga pasi shati. Walimvuta ngazini kwa miguu, uso chini. Zile ngazi ni kumi na sita, na meno yake yaligonga kila moja. Mmoja alikuwa na daftari; walipofika chini aliandika tarehe. Fundi rangi alipona, ila jicho moja halikuona tena, na kuanzia hapo kuta zake zilikuwa nzuri upande mmoja tu.

Fomu ya mwenyeji uliyonitumia, ya kuonyesha kwamba utafikia kwangu, nairudisha humu ndani bila sahihi. Usije. Una kazi, una mikono miwili.

Mjomba wako

&nbsp;

3 Machi
Nyumbani

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika jana ikiwa imefunguliwa njiani na kubandikwa tena, na aliyeibandika hakuwa mjalidi. Mama hajambo. Soksi anavaa ila anasema aliyezibuni hakuwa na mama. Dada bado anachagua. Wa juzi kamkataa kwa sababu anacheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe.

Fundi Kushoto anakusalimu. Ndiye aliyenifundisha vigae, yule wa mlango wa tatu kutoka kwetu. Mkono wake wa kulia ulipondwa na jiwe huko huko uliko, kabla sijazaliwa, akarudi akajifunza kazi upya kwa mkono wa kushoto, na jina likamganda. Kila barua yako ikifika lazima aulize umesema utarudi lini. Hata mama hakuulizii hivyo.

Sasa mjomba, niruhusu nikasirike kidogo. Bati la nyumba hii ni lako. Shule nimesoma kwa pesa yako. Umekula huko miaka thelathini na moja, mimi nikiomba kijiko unaniambia chakula kina sumu.

Mimi nahesabu kwa vyumba, ndiyo hesabu ninayoijua. Chumba kimoja cha kulala, vigae na grauti ya kuziba nafasi zake, ni kazi ya siku mbili. Viza yote, ukiweka vipimo na mihuri na nauli na kila kitu, ni vyumba sitini na viwili. Ishirini na tano nimeshalipa. Nimeuza mashine yangu ya kukatia. Mnunuzi alitaka kunipunja mbele ya watu, baada ya kukubaliana, nikampasua mdomo kwa ngumi mbili. Alilipa yote. Meno yake aliyaokota mwenyewe. Kwa hiyo usinihofie, mimi si mtu wa kuvutwa ngazini.

Halafu kuna jambo ulilotuficha. Yule wakala tunamwita Bwana Muhuri, kwa sababu mezani kwake kuna mihuri kumi na moja na hajawahi kutumia mmoja mara mbili kwa mtu mmoja. Hainuki kitini hata kwa wazee. Basi alipoona jina lako kwenye fomu ya mwenyeji aliweka kalamu chini. Akauliza kama mjomba wangu alikuwa mjalidi. Nikasema ndiyo, mpaka leo. Akasimama, akazunguka meza, akanipa mkono.

"Kumbe wewe ni mpwa wa Nyundo," akasema.

Akapunguza vyumba kumi papo hapo. Mjomba, mtu ana jina kubwa hivyo halafu anatuandikia habari za soksi? Nimemwambia mama, amefurahi sana. Anasema tangu utotoni ulikuwa na mikono ya kazi. Fundi Kushoto alikuwepo nikisimulia, akainuka akaenda zake bila kuaga, na chai yake hakuimaliza. Wivu wa wazee.

Tia sahihi, mjomba. Naituma tena.

Mpwa wako

&nbsp;

9 Aprili
Juu ya duka la viatu

Mpwa wangu,

Mimi ni mzima. Wasalimu wote. Kwa Fundi Kushoto usipeleke salamu zangu, na barua zangu usimsomee.

Ulichouliza nakijibu kwa ufupi. Nyundo ni kifaa cha kazi yetu. Kurasa zikishashonwa, mjalidi hugonga mgongo wa kitabu taratibu mpaka uwe mviringo. Wenzangu walinitania kwa hilo. Hakuna zaidi. Jina hilo usilitaje mbele ya mtu. Likitajwa na mwingine, sema ni mtu usiyemjua.

Punguzo la vyumba kumi lirudishe. Kamwambie Bwana Muhuri hulitaki, na kwamba safari imekufa. Vyumba ishirini na tano ulivyokwisha lipa nitakulipa mimi, vyote, kuanzia mwezi ujao. Mashine nitakununulia mpya.

Na yule uliyempasua mdomo, kamwombe radhi. Nimeutazama mwandiko wako. Barua nzima herufi zako zinakimbizana, ila ulipofika kwenye meno yake zimenyooka kama umetumia rula. Ulikuwa unafurahi. Hilo limenikosesha raha kuliko mengine yote.

Fomu nimeichoma.

Mjomba wako

&nbsp;

2 Juni
Nyuma ya tanuri la mkate

Shikamoo mjomba,

Usishtuke kuona stempu ya nchi hiyo hiyo uliyomo. Niko mji wa saa tisa kwa basi kutoka kwako. Mama nilimwacha mzima, analia na kunifungia begi kwa wakati mmoja. Barua yako ya Aprili nilipishana nayo angani; mama ameituma tena huku na imenifikia wiki iliyopita. Fomu ya mwenyeji Bwana Muhuri alikutilia sahihi yeye, na kwa kweli aliipatia kuliko wewe.

Pasipoti imechukuliwa siku niliyofika, kama ulivyosema. Simu imechukuliwa baadaye. Anayo Karani. Huyu ndiye mkusanyaji wa ada wa mdhamini. Ana daftari na kalamu tatu mfukoni, ukimwona utadhani amekuja kuandikisha watoto shule. Naandika nimekaa juu ya magunia ya unga, na mwoka mikate ameahidi kuiposti.

Tuko wanane chumbani. Wiki mbili za kwanza nilipiga vigae kwenye hospitali mpya, korido ndefu, kazi safi mpaka msimamizi akaniuliza nimefundishwa na nani. Wiki ya tatu Karani akaja kunitoa. Akasema mpwa wa Nyundo hapigi magoti sakafuni. Nitembee naye tu kwenye makusanyo, na ada yangu ya mwaka itafutwa. Nikaona kutembea si kazi.

Nyumba ya kwanza nilisimama mlangoni nimekunja mikono. Ya pili hivyo hivyo. Watu walilipa huku wananitazama mimi. Mjomba, sikufichi, nilipenda.

Nyumba ya tatu ni ya fundi bomba, mtu wa makamo. Ana mabinti mapacha kwao, picha yao ameibandika ukutani juu ya sufuria. Alikuwa nyuma miezi miwili. Karani aliniambia nimshike mkono niulaze mezani. Nikamshika. Nilimshika sawasawa, kama ninavyoshika kigae kisiteleze. Karani alitumia spana ya huyo huyo mtu. Vidole vinne. Mlio wenyewe ni mdogo, kama kigae kinachopasuka ndani ya boksi. Baada ya cha pili alijikojolea, nami nikasimama kwenye mkojo wake nimeushika mkono ambao haukuwa na haja tena ya kushikwa. Alikuwa anawataja wanawe. Karani akaandika tarehe.

Tukishuka ngazi alinipigapiga begani.

"Mjomba wako hakuhitaji mtu wa kumshikia," akasema.

Mwisho wa mwezi huu ni zamu yangu kupiga. Yuko fundi cherehani ghorofa ya tatu, anadaiwa. Nikikataa, ada yangu inarudi yote pamoja na lile punguzo la vyumba kumi, leo hii hii, na Karani ameshaniuliza natumia mkono gani kazini. Sina pa kwenda bila pasipoti.

Nijibu swali moja, na usinijibu kwa habari za vitabu. Nyundo ni nani?

Mpwa wako

&nbsp;

13 Juni
Chumbani

Mpwa wangu,

Nafurahi kusikia mama yako alikuwa mzima ulipomwacha. Barua yako nimeisoma mara moja. Sikuhitaji ya pili.

Nyundo ni mimi.

Nilikuja kwa viza ile ile. Ada ya mwaka wa kwanza nililipa. Mwaka wa pili kiwanda kiliungua, nikakaa miezi minne bila kazi. Wakusanyaji wa ada walinilaza chini ya sinki la kuoshea brashi wakanipiga mateke mpaka mbavu tatu zikavunjika, na nikatapika kitu ambacho nilidhani ni chai. Karani wa wakati ule alikuwa mtu mpole wa sauti. Alipekua mkoba wangu akakuta nyundo ya kujalidia. Ina uso mpana, uliosuguliwa mpaka unang'aa, haichani ngozi. Aliipima mkononi kama mtu anayenunua embe. Akaniambia naweza kulipa kwa kazi.

Nilifanya kazi hiyo miaka mitano. Nilikuwa hodari. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: sikupandwa na hasira, sikupiga mahali nisipotumwa, na watu walilipa. Yule fundi rangi niliyekuhadithia Februari, niliandika kwamba nilikuwa napiga pasi shati. Mguu wake wa kushoto niliuvuta mimi.

Mwaka wa nne alifika fundi vigae kutoka mtaa wetu. Alipofungua mlango akaniona, alicheka kwa furaha. Aliniita kwa jina langu la nyumbani, lile mama yetu alilokuwa akiniitia, akadhani ameokoka. Hakuna jiwe lililomwangukia. Nilitumwa nimpige mara mbili. Nilimpiga mara sita, kwa sababu alikuwa bado ananiita jina hilo na nilitaka anyamaze.

Sasa unajua kwa nini anauliza nitarudi lini. Amekaa mlango wa tatu kutoka kwa dada yangu miaka ishirini na saba bila kusema neno, akakufundisha na kazi. Mimi nikatuma bati.

Niliacha kazi hiyo pale mdhamini alipopata vijana wa bei rahisi zaidi. Sikuacha kwa sababu ya dhamiri, usinipe sifa hiyo. Mmoja wa vijana hao nilimfundisha mwenyewe, jinsi ya kushika na mahali pa kulenga. Ndiye Karani wako.

Alhamisi ya tarehe ishirini nitakuwa hapo saa tano asubuhi. Nina akiba ya miaka kumi na moja. Inatosha ada yako, lile punguzo, na matibabu ya fundi bomba. Nitalipa, nitachukua pasipoti, utaondoka. Nayaandika haya sasa kwa sababu tukikutana uso kwa uso nitakwambia jambo jingine. Barua ikichelewa utaisoma ukiwa kwenu, na itakuwa sawa.

Fundi cherehani usimguse. Ninachoogopa si kwamba utashindwa. Utaweza mara ya kwanza tu, na utaweza vizuri.

Mjomba wako

&nbsp;

15 Septemba
Nyumbani

Shikamoo mjomba,

Sijui kama barua hii itakufikia. Nimeituma kiwandani kwenu. Mama miguu yake imevimba tena. Dada amekubali mtu, fundi saa, mkimya kama saa zenyewe. Mimi napiga vigae. Yule niliyempasua mdomo nilikwenda kumwomba radhi kama ulivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanikodisha mashine yangu mwenyewe, na ananitoza bei ya adui. Nalipa.

Barua yako ya Juni mwoka mikate alinipa asubuhi ile ile ya Alhamisi. Nilikuwa nayo mfukoni, sijaifungua, nimekaa ngazini nje ya ofisi ya Karani, ulipopanda na bahasha kwapani. Mwanzo sikukujua. Kisha nikakutambua kwa pua yako, ile ile ya mama. Ulinipita ukaingia, ukafunga mlango.

Nilisikia mnaongea muda mrefu, taratibu, kama watu wanaokumbushana mambo. Alicheka mara moja. Nikasikia kiti kinaburuzwa. Kisha mlio ule niliokuandikia, mara nne. Ulipotoka mikono yako ilikuwa safi umeshaifuta, ila kifuani shati lilikuwa na madoa kama umepaliwa na chai. Ukanipa pasipoti. Nilitaka kushuka mbio.

"Usikimbie," ukaniambia. "Tembea."

Hayo tu. Miaka yangu yote ishirini na sita, hayo ndiyo maneno uliyoniambia kwa mdomo. Barua nikaisoma kwenye basi la uwanja wa ndege.

Watu wanasema Karani amekufa. Ni kweli? Fundi bomba alipata pesa? Na nisamehe kuuliza, lakini ndani mle zilikuwemo pasipoti za wenzangu saba wa chumbani. Mbona ulitoka na moja?

Mama nimemwambia umehamishwa kazi. Akaniuliza umehamishwa na nani, nikaanza kumkanda miguu. Sasa hivi haulizi tena, na hapo ndipo naogopa.

Kwa Fundi Kushoto nilikwenda siku ya tatu. Nilimwambia yote, pamoja na yale ya fundi bomba niliyemshika. Alikuwa anakoroga grauti. Alikoroga mpaka ikawa sawa, ndipo akaniangalia. Nikamuuliza kwa nini alikubali kunifundisha kazi, hali akijua mimi ni mpwa wa nani. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyempiga. Nikasema hapana. Akasema basi nimletee maji.

Nilipokuwa naondoka akanirudisha mlangoni.

"Mwandikie aje," akasema, akinionyesha kiti kilichokuwa ndani. "Sitamgusa. Nataka akae kwenye kile kiti anitazame nikifunga vifungo vya shati, kuanzia cha juu hadi cha chini."

Nimekuandikia kama alivyosema. Sikuongeza wala kupunguza.

Mpwa wako

&nbsp;

2 Novemba
Mahabusu, chumba cha nne

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia kupitia kwa msimamizi wa kiwanda, ambaye amekuwa mwema kwangu na haniangalii usoni. Mimi ni mzima. Chakula kinatosha. Tuko kumi na wawili na kitabu ni kimoja, hakina jalada. Nimekishona upya kwa uzi wa blanketi. Mpongeze dada yako. Mume mkimya ni sawa, mradi ukimya wake uwe mtupu.

Nakujibu kwa mpangilio wako.

Karani alikufa siku ya sita. Wakili niliyepewa na mahakama anasema niseme nilijitetea. Sikujitetea. Nilikwenda na pesa, na nilikusudia kulipa, hilo ni kweli. Alizipokea, akazihesabu, akaandika tarehe. Kisha akasema pesa hizo zitakata madeni ya fundi cherehani na fundi bomba na wengine wote, ila wewe utabaki, kwa sababu una mkono mzuri na yeye amechoka. Alisema kwa heshima, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kazi yake. Nyundo nilikuwa nayo mfukoni. Nilijidanganya kwamba nimeibeba kwa mazoea. Nilipiga mara nne. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili yako. Nimejaribu sana kujua zile tatu zilikuwa za nani.

Fundi bomba hakupata kitu. Pesa zilikuwa mezani nilipotoka, na polisi walipofika hazikuwepo.

Droo ilikuwa wazi. Nilihesabu baadaye kichwani kwa unene wa rundo, kama ninavyokisia kurasa: zisingepungua arobaini. Nilitafuta ya kwako, nikaipata, nikaifunga droo. Ningeweza kuzibeba zote katika ile bahasha. Sikufikiri. Wenzako saba bado wako pale, na mdhamini, ambaye mimi sijamwona hata mara moja kwa miaka yote hii, ameshapata karani mwingine. Hilo nalipata kutoka kwa kijana aliyeletwa humu wiki iliyopita na taya iliyofungwa waya.

Wakili anakisia miaka kumi na miwili. Anasema nikisema maneno mazuri yaweza kuwa minane, kisha watanirudisha kwetu kwa gharama ya serikali. Aliniambia hivyo kana kwamba ananipa zawadi.

Mama yako mwambie ukweli. Anza na mimi, kisha useme na la kwako, la kumshika mtu mkono, wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Ukimficha utazoea, na mtu akizoea hawezi kuona tofauti. Mimi nilimfanya dada yangu apende bati.

Kwa Fundi Kushoto. Mtu aliyekaa na jambo hilo miaka ishirini na saba, na anachotaka ni kutazamwa tu akivaa shati, hadai kikubwa. Ni haki yake na najua ni haki yake. Miaka yote nimewaandikia kwamba sina nauli, au sina likizo, au karatasi zangu zina kasoro. Haikuwa kweli. Mara nne nilikuwa nazo zote, na mara ya mwisho nilifika mpaka kwenye foleni ya kupima mizigo, begi langu likiwa la tatu. Nilitoka kwenye foleni kwa sababu nilikiona akilini kiti kama hicho anachotaka nikae. Ninaweza kumtazama mtu nikimpiga. Kumtazama baada ya hapo, akiwa ametulia, akihangaika na kifungo, siwezi.

Mwambie hivyo, usilainishe. Mwambie nilipewa nafasi ya kuja na mwambie sababu. Hata wakinifungulia mlango huu kesho asubuhi na kunilipia tiketi, sitarudi.

Mjomba wako